Mkupuo Mmoja

Usiku mmoja wa Januari 2010, katika nyumba moja ya Ng'ambo, Unguja, mwalimu wa hesabu aliketi mkekani, gitaa likiwa pajani na redio ya kaseti ikiwa juu ya kigoda mbele yake. Kisiwa chote kilikuwa gizani. Umeme uletwao kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari ulikatika Disemba 2009, na haukurudi mpaka Machi ya mwaka uliofuata. Kwa karibu miezi mitatu watu walichota maji visimani, wakasomea kandili na vibatari, na wenye uwezo wakanunua majenereta yaliyonguruma mbele ya maduka na mahoteli. Lakini katika mitaa ya ndani, jenereta la jirani lilipoishiwa mafuta au mwenyewe alipoamua kulala, kilitanda kimya cha zamani, kimya ambacho vijana waliokulia mbele ya televisheni hawakuwahi kukijua. Ukisikika mtu akikohoa nyumba ya tatu, walimtambua kwa kikohozi chake.

Kimya hicho ndicho kilichomtamanisha mwalimu. Kwa miaka mingi alikuwa akipiga gitaa nyumbani baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, na kila alipofikiria kujirekodi alikatishwa tamaa na makelele: redio ya jirani, pikipiki, friji lililonguruma jikoni. Sasa friji lilikuwa limenyamaza pamoja na mengine yote. Kilichokosekana ni nguvu ya kuendeshea redio. Redio ile ilikula betri sita kubwa, na betri hizo zilikuwa za baba yake, mzee aliyekwisha pita umri wa miaka 70, ambaye hakukubali kukosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku wala ile ya asubuhi. Mchana zilitolewa redioni zikaanikwa juani juu ya ukuta wa ua, kama watu wafanyavyo, ili zijikusanyie nguvu kidogo. Kilichosalia baada ya taarifa ya usiku ndicho alichoruhusiwa mwana kukitumia, nacho hakikuwa kingi. Hapakuwa na nafasi ya kujaribu, kusikiliza, kufuta na kurudia. Palikuwa na mkupuo mmoja tu.

Kanda aliyoitumia ilikuwa ya nyimbo za kigeni ambazo hakuna tena aliyezisikiliza. Vishimo viwili vya juu, ambavyo kiwandani huachwa wazi ili mtu asije akafuta kilichomo kwa bahati mbaya, alivifunga kwa vipande vya karatasi na gundi. Kipaza sauti kilikuwa ni kile kidogo kilichomo ndani ya redio yenyewe. Vipaza sauti vya namna hiyo vina tabia yao. Mashine hujipandishia yenyewe usikivu pakiwa kimya, na hujishusha mlio mkubwa unapoingia. Kwa hiyo kabla ya gitaa kuanza, chumba husikika kikivuma kama gamba la kombe lililowekwa sikioni. Kisha uzi wa kwanza unapodondolewa, uvumi huo hurudi nyuma kwa ghafla, kana kwamba nyumba nzima imezuia pumzi ili isikilize. Katika studio hilo huhesabiwa kuwa ni kasoro. Mtu aliyezoea kanda za nyumbani hulijua kuwa ndio mlango wa wimbo.

Kipande alichokusudia kukipiga hakuwa amekisoma popote. Alikipokea kwa baba yake, naye baba hakupata kushika gitaa maishani mwake. Mzee huyo alifanya kazi katika bandari ya Mombasa akiwa kijana, kabla ya uhuru wa Kenya, na huko alizisikia santuri za wapiga gitaa wa Kongo zikipigwa mikahawani. Santuri zenyewe hakuzimiliki. Alirudi Unguja na miluzi. Kipande kimoja kilimkaa, akawa anakipiga mluzi anapotengeneza baiskeli, anapochota maji, anapomngoja mtu. Mwanawe alikitafuta kwenye nyuzi, kidole kwa kidole, tangu akiwa mwanafunzi. Hakuna aliyejua kama kilikuwa bado ni kile kipande cha Mombasa, au kilikwisha geuzwa na mluzi wa miaka hamsini kikawa kitu kingine. Msuluhishi alikuwa mzee peke yake.

Mtindo wenyewe una asili inayojulikana. Katika miji ya migodi ya Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya wafanyakazi waliokusanywa kutoka pande nyingi, vijana walipiga gitaa la mbao lisilo na umeme kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba hushikilia nyuzi nzito na kutembea kwa hatua zake. Shahada huranda juu na kusema mambo mengine kabisa. Na msikilizaji asiyemwona mpigaji hudhani ni watu wawili. Aliyesifika zaidi kwa upigaji huo ni Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alimrekodi katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Kipande chake kiitwacho "Masanga" kilitolewa katika santuri na kusikika mbali sana na Katanga. Wapiga gitaa wa Afrika ya Mashariki walikaa mbele ya santuri hiyo na nyinginezo, wakiirudisha sindano nyuma tena na tena, wajifunze jinsi vidole viwili vinavyoweza kufanya kazi ya vidole vinne.

Kuna jambo katika rekodi hizo ambalo mwanafunzi huchelewa kulitambua. Anaposikiliza mara ya mia moja, hudhani kwamba kila mdondoo ulikusudiwa uwe pale ulipo na hauwezi kuwa pengine. Lakini mpigaji mwenyewe hakufungwa nao. David Rycroft, aliyeuandika kwa nota muziki wa Bosco na kuuchambua katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliuita upigaji huo ubunifu wa papo kwa papo tangu kwenye anwani ya makala yake. Hicho ambacho wengine walikihifadhi kama sheria, kwa mwenyewe kilikuwa ni jinsi mambo yalivyokwenda siku ile. Lau Tracey angefika kesho yake, pengine watu wa Nairobi na Mombasa wangejifunza "Masanga" nyingine.

Hali hii ni ya zamani kuliko gitaa la Katanga, na Unguja inayo historia yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kwa bahari hadi Bombay kurekodiwa santuri. Zama zile sauti ilichongwa katika bamba la nta laini. Upande mmoja wa santuri ulichukua kiasi cha dakika tatu, na nta haikukubali kurekebishwa. Fidla ikiteleza katika dakika ya pili, haikuwezekana kuipata dakika ile peke yake na kuitia nyingine mahali pake. Ama bamba zima lilitupwa na wote wakaanza upya, ama mtelezo ulikubaliwa ukasafiri na wimbo hadi majumbani mwa watu. Tena, kuisikiliza nta kwa sindano kulikuwa ni kuiharibu, basi waliokwisha kuimba walikuwa wakiondoka chumbani na kumbukumbu yao tu ya walichokiimba. Waliimba kama mtu asemavyo mbele ya kadhi: likishatoka halirudi.

Kwa hiyo waliotangulia hawakuuchagua mkupuo mmoja kwa mapenzi. Walilazimishwa na nta, na baadaye na gharama. Ni kosa kuwasifia kwa fadhila ambayo hawakuwa na njia ya kuikwepa. Uchaguzi ulianza pale ulipopatikana uwezo wa kurudia. Utepe wa sumaku ulikuja, ukakatika kwa wembe na kuungwa. Kisha zikaja mashine za kurekodi kila ala kwa wakati wake. Na mwisho kompyuta, ambayo humwezesha fundi kulisogeza pigo moja mbele kwa kiasi kidogo kuliko kupepesa jicho. Tangu hapo, rekodi yenye kasoro haina tena udhuru. Kama kasoro imo, kuna mtu aliyeamua iwemo.

Mfano unaotajwa mno unatoka Marekani. Tarehe 3 Januari 1982, Bruce Springsteen, ambaye wakati huo alikuwa tayari mwanamuziki mashuhuri mwenye bendi kubwa nyuma yake, alijirekodi nyumbani katika jimbo la New Jersey kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne. Alikuwa na gitaa, harmonika na sauti yake. Nia yake ilikuwa kutengeneza mfano tu, ili wenzake wa bendi wapate kuzijua nyimbo kabla ya kuingia studio. Kaseti hiyo aliitia mfukoni bila hata kasha lake. Bendi ilipozipiga nyimbo hizo studio, zilizo nyingi zilikataa. Zilikuwa na nguvu, lakini lile jambo lililokuwemo katika kaseti halikuwemo tena. Mwishowe kaseti yenyewe ndiyo iliyotolewa, Septemba 1982, kwa jina la "Nebraska", baada ya mafundi kuhangaika kuihamisha sauti yake hafifu kwenye santuri. Mtu aliyekuwa na kila chombo alichagua kile cha mfukoni.

Mwalimu wa Ng'ambo alivijua visa hivi kwa viwango mbalimbali, lakini usiku ule hakuwa akifikiria historia. Alikuwa akifikiria betri. Taarifa ya habari ilipomalizika alisubiri jenereta la jirani lizimwe, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akahesabu moja hadi nne kimoyomoyo, akaanza. Mzee alikuwa amejilaza upande wa pili wa ukumbi. Mama alikuwa ndani. Gumba lilichukua hatua yake, shahada likafuata, na kwa kiasi cha dakika moja mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Kisha, kwenye mzunguko wa tatu, alisahau kile kipengele kifupi ambacho mluzi wa baba hupanda juu na kusita kabla ya kuteremka. Alikipita.

"Umeruka hapo," mzee alisema gizani.

Mwana hakuacha kupiga. Alizunguka tena, akafika mahali pale pale, akapanda, akasita, akateremka, na mzee akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyelipwa deni lake. Tangu hapo husikika kitu kingine katika kanda: mzee akigonga sinia tupu kwa ncha za vidole, kwa upole, akiwa nyuma kidogo ya gitaa. Waliendelea hivyo kwa mizunguko kadhaa. Uzi wa tatu ulikuwa umeanza kulegea na kila ulipoguswa ulilia chini ya mahali pake. Na mwana alipokuwa bado anatafuta namna ya kumaliza, mzee alisema:

"Basi mwanangu, zima. Tubakishe ya asubuhi."

Hapo ndipo kanda inapokatika.

Umeme uliporudi, friji likanguruma tena, na kanda ikawekwa kabatini pamoja na nyingine. Miezi kadhaa baadaye mwalimu alikwenda studio moja mjini, akakirekodi kipande kile kama inavyotakiwa. Alivalishwa visikizi masikioni, humo akasikia mdundo wa kipimo usiochoka. Alikipiga mara kumi na moja. Fundi, kijana mwenye adabu na sikio zuri, aliichukua sehemu ya kwanza kutoka mkupuo wa nne, ya katikati kutoka wa tisa, na kile kipengele cha kupanda na kusita akakitoa katika mkupuo wa saba, kwa kuwa ndimo kilimotua sawasawa. Uzi wa tatu ulikuwa mpya. Kazi ilikuwa safi na hapana aliyeweza kuilaumu. Mwalimu aliipeleka nyumbani kwenye diski, baba yake akaisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, akasema ni nzuri, Mungu ambariki aliyeitengeneza. Hakugonga sinia.

Yapo maelezo mepesi ya jambo hilo, kwamba mashine haina roho na mkono unayo. Maelezo hayo hayatoshi, kwani mashine zilikuwepo mara zote mbili, na mkono ulikuwa ni ule ule. Wala si kweli kwamba kosa lina uzuri wake lenyewe. Mpigaji mzembe anayejificha nyuma ya neno "asili" huchosha haraka sana, na masikio ya watu hayadanganyiki naye. Ndiyo maana wanunuzi wa kofia za viua hugeuza kofia kwanza watazame ndani. Hawatafuti sindano iliyokosea. Wanatafuta dalili kwamba sindano ilishikwa na mtu, na huyo mtu awe ni fundi. Mkupuo mmoja wenye thamani hutanguliwa na mikupuo elfu isiyorekodiwa. Bosco hakuanza kupiga gitaa siku aliyokutana na Tracey, wala Siti hakuanza kuimba Bombay. Mluzi wa mzee ulikuwa na miaka hamsini.

Tofauti iliyopo ni hii. Katika kazi ya studio, hapana wakati hata mmoja ambao kipande kile kilipata kupigwa vile kinavyosikika. Mwanzo wake ni wa saa nne na nusu, katikati yake ni ya saa sita, na kupanda na kusita kwake ni kwa saa tano na dakika kadhaa. Ni maelewano mazuri baina ya saa zisizojuana. Katika kanda ya Januari, kosa la mzunguko wa tatu ndilo lililoleta neno la mzee. Neno ndilo lililoleta masahihisho. Masahihisho ndiyo yaliyoleta kicheko. Na kicheko kikaleta sinia. Likiondolewa la kwanza, yaliyobaki hayana sababu ya kuwapo. Fundi angelikiondoa kile kiruko kwa nia njema, na katika sekunde hizo mbili angeliondoa yote yaliyofuata.

Mzee alifariki miaka miwili baada ya umeme kurudi. Aliugua muda mrefu, na katika miezi ya mwisho sauti yake ilipungua ikawa kama ya mtu anayesema kutoka chumba kingine. Picha zake zilikuwepo: za pasi, za harusi za watoto, moja ya bandarini Mombasa akiwa na shati jeupe. Sauti haikuwepo. Ni mwaka mzima baadaye ndipo mwalimu alipoikumbuka kanda, akaitafuta, akaipata, akatia redioni betri mpya.

Alichokisikia kilimshangaza. Kipande kilianza kama alivyokikumbuka, kisha taratibu, bila kupiga kona popote, kikaanza kupanda na kuharakisha. Kufikia mwisho gitaa lilikuwa limepanda karibu nusu-sauti tatu, sinia likigongwa kwa haraka, na sauti iliyosema "Basi mwanangu, zima" haikuwa ya mzee wa miaka 70. Ilikuwa sauti nyepesi, yenye mwendo, ya mwanamume wa miaka thelathini.

Akiwa mwalimu wa hesabu, haikumchukua muda kuelewa. Betri zilipokuwa zikifa usiku ule, mota ya redio ilichelewa, na kanda ikapita mbele ya kichwa cha kurekodi polepole zaidi na zaidi. Sauti iliyoandikwa kwa mwendo wa kuchelewa, ikisomwa kwa mwendo kamili, hupanda. Kila kasi ikipungua kwa kadiri ya asilimia 6, muziki hupanda nusu-sauti moja. Hapakuwa na muujiza wowote. Palikuwa na betri sita zilizoanikwa juani mara nyingi kupita uwezo wake.

Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuwa amejifunza kazi za sauti kwenye kompyuta. Aliihamisha kanda, akaitazama, akasema: "Hii inarekebishika, mjomba. Gitaa tunalijua lilikuwa katika sauti gani mwanzoni. Nitaishusha hatua kwa hatua mpaka mwisho ulingane na mwanzo." Alifanya hivyo kwa jioni mbili. Uvumi wa chumba aliuacha kwa kuombwa. Alipomaliza, kipande kilikwenda kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mzee akarudi kuwa mzee: sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo, pumzi ikisikika kati ya "basi" na "mwanangu".

Walimsikilizisha mama. Alikuwa ameketi uani, ungo wa mchele magotini. Walianza na ile ya awali, yenye kupanda. Mama alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kuchambua, mpaka sauti ya mwisho iliposema maneno yake. Hapo vidole vikasita.

"Huyu ndiye aliyekuja kunioa," alisema.

Kisha wakampigia ile iliyosahihishwa. Alisikiliza tena mpaka mwisho.

"Na huyu ndiye niliyemuuguza," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Swali likabaki kwa mwalimu, kwani ndugu walikuwa wengi, wa hapa, wa Pemba na wa Maskati, na kila mmoja alitaka nakala. Ipi ndiyo sauti ya marehemu? Kwa kipimo cha somo analolifundisha, jibu lilikuwa jepesi: ile iliyorekebishwa ndiyo iliyo karibu zaidi na sauti iliyosikika ukumbini usiku ule. Ile nyingine ni kosa la mashine, na linaweza kuandikwa kwa tarakimu. Mtu mkweli angetoa iliyo sahihi. Alilifikiria hilo kwa siku nyingi, kwani hakutaka kuwapa watoto wa nduguze babu ambaye hakuwapo.

Lakini kila alipoisikiliza iliyo sahihi, aliona kuna kitu kimepotea ambacho hakikuwa sauti ya baba. Maneno "Tubakishe ya asubuhi" yalikuwa yamekosa maana. Mzee alisema vile kwa sababu nguvu ilikuwa inakwisha. Na katika kanda ya awali nguvu husikika ikiisha, pigo kwa pigo, mpaka anaposema. Katika ile iliyonyooshwa, hapana kinachokwisha. Mtu anaombwa kuzima redio isiyo na taabu yoyote. Kuusahihisha mwendo wa kanda kulikuwa ni kuurudisha umeme katika usiku ambao haukuwa nao. Kanda mbovu haikuwa imesema uongo. Ilisema ukweli wa mambo mawili kwa pamoja, wa mzee na wa betri zake, na haikuwezekana kuutenganisha mmoja bila ya kuupunguza mwingine.

Basi aliwapelekea ndugu ile ya awali, pamoja na maneno machache ya kueleza kwa nini marehemu anasikika kijana. Iliyosahihishwa aliihifadhi, ikiwa na tarehe, kwa ajili ya mama, ambaye mara moja moja huiomba hiyo, na mara nyingine huiomba ile. Hajapata kueleza anachagua kwa kigezo gani, wala hajaulizwa.

Diski ya studio nayo ipo. Anayetaka kujifunza kipande kile hupewa hiyo kwanza, kwani kila kitu kimo mahali pake na kinasikika. Akikwisha kukijua, hupewa kanda, ili aone mahali pa kuruka.

Mwalimu bado hurekodi. Siku hizi hutumia simu, ambayo ina nafasi ya kuhifadhi masaa na masaa na haimlazimishi chochote. Sharti amejiwekea mwenyewe: hupiga mara moja kwa usiku, na kilichotoka ndicho. Likiwa baya huwekwa pamoja na mazuri. Friji linasikika, na pikipiki, na watoto wa jirani wakiitwa kula. Nyuzi hubadilisha zinapokatika. Na baada ya mlio wa mwisho haizimi simu papo hapo. Huiacha kidogo, ukumbi ukivuma, pengine mtu atasema neno. Kisha huzima.